Machozi ya Jack Carter

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua kanuni moja: steringi hafi. Get Carter, filamu ya Uingereza ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Mike Hodges, inaivunja kanuni hiyo mchana kweupe, ufukweni. Ubishi juu yake haujaisha hadi leo: inalaani kisasi, au inakiremba?

Jack Carter (Michael Caine) ni mtu wa kazi chafu wa majambazi wa London. Anapanda treni kwenda Newcastle, mji alikotoka, kumzika ndugu yake Frank, anayedaiwa kufa akiendesha gari amelewa wiski. Carter haamini. Anauliza, anapiga, halafu anaanza kuua.

Wanaosema filamu inakiremba kisasi hawajakosea. Caine kavaa suti iliyonyooka, maneno yake machache, na muziki wa Roy Budd unamfuata kama kivuli. Kijana gani asitamani kutembea vile? Ukija kwa wanawake, hoja yao inazidi uzito. Margaret, hawara wa Frank, anachomwa heroini kwa nguvu na Carter na kuachwa afe kichakani, na filamu haimpi hata dakika moja ya kuhurumiwa. Glenda, mwanamke ambaye Carter analala naye, anafia ndani ya buti la gari, alimomtia Carter mwenyewe. Maadui zake wanalisukuma gari lile majini bila kujua kuna mtu ndani. Carter anajua. Anatazama likizama, uso mkavu, kisha anaendelea na shughuli zake.

Watetezi hujibu haraka: mwisho wa yote Carter anakufa, kwa hiyo kisasi kimehukumiwa. Mimi jibu hili halinishawishi. Mdunguaji anayemmaliza ana pete yenye herufi J, na ukiwa na jicho kali utamwona tangu mwanzo, kakaa kwenye behewa lile lile la Carter. Katumwa kwa malipo, na amri imetoka kwa Kinnear, kigogo wa uhalifu pale mjini, kwa simu. Hiyo ni biashara, haki haimo. Na Hodges hakuutoa ulimwengu huo hewani: mwaka 1967, mkusanyaji wa fedha za mashine za kamari alikutwa kauawa kwa risasi ndani ya gari lake huko Durham, jirani tu na Newcastle.

Utetezi wenye nguvu uko kwingine, tena watu huupita. Filamu inapoanza, Carter yuko London na mabosi wake, wanatazama picha za ngono ukutani. Ni burudani ya jioni, hakuna anayeshtuka. Baadaye, akiwa kitandani kwa Glenda, projekta inawaka na filamu ya ngono inaanza. Anatazama kivivu, kama mtu aliyekwisha kuona mengi ya aina hiyo. Kisha anamtambua msichana aliyemo: Doreen, binti wa Frank, ambaye huenda ni damu ya Carter mwenyewe. Uso haukunjamani, sauti haitoki. Machozi tu yanateremka, huku mwanga wa projekta ukimchezacheza usoni.

Hapo ndipo filamu inapomkamata. Uchafu ule ndio uliomlisha na kumvalisha miaka yote. Wasichana wa picha za London nao walikuwa mabinti wa watu, lakini kwao hakulia. Anamsaka kila aliyemgusa Doreen, ila hajiweki mwenyewe kwenye orodha. Kwa hiyo nasema filamu inamjua Carter vizuri kuliko Carter anavyojijua. Lakini kwa Margaret na Glenda sina utetezi: pale filamu nayo inatazama kwa jicho kavu lile lile la Carter.

Ufukweni, Carter anamnywesha Eric, mtu wa Kinnear, wiski kwa nguvu, kama Frank alivyonyweshwa, anampiga kwa kitako cha bunduki, kisha anaulaza mwili kwenye ndoo kubwa ya kumwaga mabaki ya makaa ya mawe baharini. Ndoo inapinduka. Carter anacheka, anatembea kando ya maji meusi, anainua bunduki aitupe. Risasi moja.

Mwaka 2000 Marekani waliitengeneza upya, Sylvester Stallone akiwa Carter, na Caine mwenyewe wakampa nafasi ya mhusika mwingine. Huko Carter anabaki hai. Banda letu la video lingepiga makofi.