Msiseme "ni pori tu"

Kuna maneno yananiuma kila nikiyasikia yakisemwa kuhusu misitu ya miombo: "pale ni pori tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma zaidi. Nimeisikia kwenye vikao, nimeisikia njiani, na mara nyingi nyuma yake linafuata shoka. Mahali pakishaitwa pori tu, watu huona hapana kitu, basi hakuna wa kuulizia wala wa kuhurumiwa.

Mimi nina shahidi wangu. Ni ndege wa sentimita 12 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, anaitwa hiliota. Jina lake la kitaalamu, Hyliota, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mkaaji wa mwituni; William Swainson ndiye aliyempa mwaka 1837. Dume wa hiliota tumbo-njano ana mgongo mweusi wenye mng'ao wa buluu, bawani ana baka jeupe, na kuanzia kooni kushuka ni manjano yaliyopauka. Jike mgongo wake ni wa kijivu. Wanaishi kuanzia Senegal hadi Ethiopia, na kusini wanafika Angola, Zambia na Msumbiji. Lakini wengi wanaopita chini yao kila siku hawajawahi kuwaona, kwa sababu ndege hawa hukaa juu kabisa, kwenye vilele vya miti.

Mara ya kwanza nilimwona nikiwa nimelala chali. Shingo ilikuwa imeshachoka kutazama juu, nikaona heri nijilaze kwenye majani makavu. Msitu ulikuwa kimya kabisa. Kisha ghafla vilele vikajaa: mramba akitangulia, kigong'ota akigonga tawi kavu, na vijindege wengine chungu nzima, wote wakielekea upande mmoja kama msafara. Katikati yao alikuwamo hiliota. Aliinama ukingoni mwa tawi, akageuza kichwa, akachungulia upande wa chini wa jani, akachomoa kiwavi. Akahamia jani la pili. Halafu la tatu. Hakuruka ovyo hata mara moja; alikagua jani kwa jani. Baada ya dakika chache msafara ulikuwa umepita na kimya kikarudi. Mtu ambaye angefika wakati huo angeapa kwamba hapo hapaishi kitu.

Hata kiota chake ni siri. Ni kikombe kidogo cha ule ukoga wa kijivu unaoota kwenye magome, ameushikiza kwa utando wa buibui. Ukikitazama kutoka chini unaona kinundu cha mti.

Na si ndege wa kawaida. Kwa miaka mingi wataalamu walimweka kapu moja na ndege wengine wadogo wala wadudu. Vinasaba vilipochunguzwa, ikaonekana ukoo wake ulijitenga zamani sana, akapewa familia yake mwenyewe. Familia hiyo ina spishi nne tu duniani kote, na zote ziko Afrika. Mmojawapo, hiliota wa Usambara, haishi popote ila kwenye milima ya Usambara, Tanzania.

Najua hoja ya upande wa pili, wala siibezi. Watu wanapikia mkaa, na anayechoma tanuri anatafuta riziki ya watoto wake. Tena miombo ni miti yenye uhai wa ajabu: ukiikata, visiki vinachipua. Ndiyo maana tunaambiwa, "itaota tena." Itaota, kweli. Lakini machipukizi ya kisiki yanakufika kiunoni, na hiliota halishi kiunoni. Anahitaji miti iliyokomaa, vilele vyake vikikaribiana kiasi cha msafara kuweza kuvuka. Vilele hivyo huchukua miongo ya miaka kurudi, na yeye anatakiwa kula leo.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Panapokatwa, yaachwe maeneo mazima ya miti mikubwa inayoshikana, si mti mmoja mmoja uliobaki peke yake katikati ya visiki. Palipokatwa paachwe mpaka pakomae. Na anayekwenda kupima eneo, kabla hajaandika "pori" kwenye karatasi yake, aende asubuhi, akae kimya chini ya myombo mmoja mkubwa, angoje mpaka msafara upite.