Saa ya marumaru isiyo na marumaru

Mgeni wa kwanza kuiona saa yangu aliigonga kwa ukucha, akategea sikio, akacheka. "Mbao hii. Wamekupiga." Ni mzee mmoja wa hapahapa Connecticut, Marekani, anayekusanya saa za Kifaransa, zile za jiwe jeusi ambazo ukizinyanyua peke yako mgongo unalalamika siku mbili. Mimi yangu niliitoa kwa jirani aliyekuwa anahama, amevitandaza vyombo vyake kwenye majani mbele ya nyumba. Dola 40, na ufunguo wake juu.

Kwa wasioishi huku: nyumba nyingi za zamani zina meko sebuleni, na juu ya meko pana rafu. Hapo ndipo saa ya nyumba ilipokaa. Yangu ni ndefu kwenda upande, nyeusi, ina nguzo sita mbele zenye mishipa ya kijani kama marumaru, na ubavuni vichwa viwili vya simba vya chuma. Chini ya sanduku imegongwa mhuri: 7981 J. Nilikaa wiki nzima nikidhani ni namba ya modeli, mpaka nilipojifunza kuwa kiwanda cha Seth Thomas kilikuwa kinaandika mwaka kinyumenyume, kisha herufi ya mwezi. Isome kutoka kulia: 1897. J ni herufi ya kumi, basi Oktoba. Mpaka leo sijaelewa walikuwa wanamficha nani.

Mzee alisema kweli, ni mbao. Juu ya mbao imebandikwa ngozi nyembamba ya seluloidi, plastiki ya zamani, ambayo Seth Thomas walianza kuitumia baada ya 1880 wakaipa jina la Adamantine. Wakati ule saa ya jiwe kutoka Ufaransa ilikuwa alama ya mwenye nacho, na viwanda vya Marekani vikatafuta njia ya kumpa mwalimu wa shule na seremala sura ileile kwa pesa waliyonayo. Ansonia walitumia chuma kilichopakwa rangi. Ingraham walipaka mbao rangi nyeusi ya kung'aa. Seth Thomas wakabandika seluloidi. Wote walikuwa wanaiga, na hakuna mnunuzi aliyedanganyika. Aliyebeba saa ile nyumbani kwa mkono mmoja alijua fika kuwa hakubeba jiwe.

Wakusanyaji wengi wanazidharau saa hizi nyeusi kwa sababu hiyo, na ndipo ninapoachana nao. Huwezi kuipenda saa ya Marekani huku unauonea haya urahisi wake, maana urahisi ndio kazi yenyewe waliyoifanya.

Rudi nyuma miaka tisini kabla ya saa yangu. Saa ya nyumbani mara nyingi ilikuwa ya shaba, inatengenezwa moja moja na fundi, inauzwa kwa tajiri. Eli Terry, fundi wa hapa Connecticut, akakubali kandarasi ya kutengeneza mitambo 4,000 ya saa kwa miaka mitatu. Watu walimwona kichaa. Mwaka wa kwanza aliumalizia kwenye kuunda mashine za kukatia, zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kufikia 1810 kazi ilikuwa imekwisha. Magurudumu ya meno yalikuwa ya mbao! Shaba ilikuwa ghali, mbao imejaa msituni. Mmoja wa mafundi seremala waliofanya naye kazi alikuwa Seth Thomas, yuleyule ambaye jina lake liko kwenye saa yangu. Mwaka 1816 Terry akapata hataza ya saa ndogo ya kuweka rafuni.

Na ziliuzwaje? Kwa wachuuzi. Mtu anapakia saa kwenye gari la farasi, anazunguka nyumba hadi nyumba, shamba hadi shamba, kama machinga wa Kariakoo, tofauti ni farasi tu. Kwetu tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa za Connecticut zilijitembeza nchi nzima, na baadhi ya zile za mbao bado zinatembea leo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Chauncey Jerome, mtengeneza saa mwingine wa hapa Connecticut. Saa ya mbao ilikuwa haivuki bahari. Unyevu unayavimbisha meno ya magurudumu, inakwama. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Jerome akageukia bamba la shaba lililoviringishwa, mashine ikitoboa magurudumu kama unavyokata chapati kwa kikombe. Mwaka 1842 akapeleka shehena Uingereza. Maofisa wa forodha wakaitazama bei aliyoiandika, wakaona haiwezekani, huyu anapunja ushuru. Sheria yao iliwaruhusu kuichukua mali kwa bei aliyoitaja mwenyewe pamoja na asilimia kumi juu. Wakaichukua yote. Jerome akafurahi, akapeleka nyingine, nayo wakaichukua. Ya tatu ndiyo iliyowafanya washtuke kwamba bei ile ilikuwa ya kweli, na kwamba wao serikali wamegeuka kuwa wateja wake wa jumla. Baadaye alifilisika, akafa maskini mwaka 1868, na sehemu hiyo ya habari yake wenye maduka ya vitu vya kale hawapendi kuisimulia.

Sasa bei imerudi kuwa ndogo kiasi cha kutia shaka. Vijana wa huku hawataki kitu kinachogonga usiku. Hilo silalamikii, mimi ndiye ninayefaidi. Kinachonichoma ni wale wanaonunua saa ya 1897, wanautoa mtambo wote, wanauza shaba kwa kilo, halafu wanatia kimashine cha betri nyuma ya uso uleule. Akrabu zinazunguka, pendulamu imening'inia haina kazi. Heri uiache imesimama.

Lakini na sisi wapenzi tuna makosa yetu. Yangu ya kwanza: niliona tone la rangi ya ukutani kwenye nguzo moja, nikalifuta kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha ya mke wangu. Tone liliondoka, na seluloidi nayo ikaondoka. Dawa ile inaiyeyusha kama barafu, na moto ndio usiseme, seluloidi inashika haraka. Doa liko pale mpaka leo, nimeigeuzia upande huo ukutani. La pili nusura linikate kidole: nilianza kufungua mtambo kabla ya kuilegeza kamani, ile springi inayoiendesha saa. Kamani iliyojaa, ya saa inayokwenda siku nane bila kutiwa ufunguo, ni nguvu iliyofungwa, ikifyatuka inang'oa meno ya magurudumu, na wewe usiwe karibu.

La tatu halikuwa kosa, ni ujinga. Saa ilikuwa inakwenda dakika tano inasimama. Nilitaka kumpelekea fundi saa anitoze mara tatu ya bei niliyonunulia. Mke wangu, ambaye haipendi saa hii, ndiye aliyesema, "Mbona inachechemea?" Nikasikiliza. Kweli: tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Rafu yetu imeinama. Nikakunja karatasi, nikaitia chini ya mguu wa kushoto, nikasikiliza, nikaongeza mkunjo mmoja. Tik. Tak. Tik. Tak. Haijasimama tena, isipokuwa Jumapili nikisahau kuitia ufunguo.

Majuzi nilikuwa naongea na mama, yuko Tanga. Huku asubuhi, kule alasiri. Saa ikaanza kugonga.

"Nini hiyo, mwanangu?"

"Saa, mama. Ndiyo ile niliyokwambia."

Akanyamaza, nikajua anahesabu.

"Huko saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Mbona imegonga saba?"

Nikamweleza kuwa ni saa ya Kizungu, inahesabu toka usiku wa manane. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo. Anachouliza ni kwa nini saa iliyo nyumbani kwangu inisomee Kizungu. "Irudishe nyuma saa sita."

Sasa, saa ya kugonga hairudishwi nyuma, unaweza kuuharibu mtambo wake wa kugongea. Inapelekwa mbele tu, na kila saa na kila nusu uisubiri imalize. Lakini kwenye uso wa saa kumi na mbili, sita mbele na sita nyuma ni mamoja. Nikasimama pale nikausogeza mshale mkubwa taratibu: moja ya nusu, kisha nane, moja ya nusu, kisha tisa, mpaka ikagonga kumi na mbili, nusu yake, na mwisho moja peke yake. Mapigo 57. Mke wangu alitoka chumbani kwenye la thelathini na ushee akauliza kama nimefiwa na akili.

Wiki iliyopita yule mzee wa saa za jiwe alipita tena. Ilikuwa adhuhuri, saa ikagonga sita. Akatazama saa ya mkononi mwake, akanitazama kwa huruma, akasema anamjua fundi mzuri kule Bristol.