Maiti Hatoi Ushahidi

Mwalimu wetu wa sanaa, hapa Dodoma, alikuwa mgonjwa wa The Mousetrap, ile tamthilia ya mauaji ya Agatha Christie inayochezwa London tangu mwaka 1952. Ni korona tu iliyoisimamisha, 2020, na mwaka uliofuata ikarudi jukwaani. "Mchezo ukiisha watazamaji wanaombwa wasimtaje muuaji huko nje," alituambia macho yakimwaka. "Wanatoka midomo wameifumba, na wengine wanaenda kukata tiketi." Miaka yote hiyo! Mtaani kwetu siri hiyo isingefika sokoni.

Basi tukatunga yetu. Kule wageni wanakwamishwa na theluji. Sisi tukawakwamisha kwenye gesti ya Gulwe, mafuriko yamebeba reli. Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati hakuhitaji maelezo. Mvua ilikuwa choroko, zikipepetwa kwenye ungo nyuma ya pazia. Muuaji nilikuwa mimi, mhudumu mpole mwenye taulo begani.

Kosa langu ni kumwalika bibi kutoka Mvumi bila kumwambia lolote. Siri ni siri.

Akakaa mbele kabisa, mfuko wa karanga mapajani. Taa zikazimwa, nikamkaba mama mwenye gesti, akakoroma vizuri sana. Taa zikawaka, inspekta huyo kaingia. Alipofika kwangu akanitia pingu: "Saa mbili usiku ulikuwa wapi?" Nikababaika kama nilivyofundishwa.

Bibi akasimama.

"Afande, samahani. Huyu mjukuu wangu. Giza analiogopa tangu mtoto. Mpaka kidato cha pili chooni usiku namsindikiza mimi. Atamkaba nani gizani?"

Ukumbi ukalipuka. Na darasa langu zima lilikuwemo.

"Bibi, tafadhali, kaa."

"Sikai! Mfungue kwanza."

Marehemu uvumilivu ukamshinda, akainua kichwa: "Kanikaba mimi, bibi! Ni yeye!"

Bibi akamnyooshea kidole. "Lala wewe! Maiti hatoi ushahidi."

"Mwachie! Mwachie!" ukumbi ukapokea. Inspekta, jasho linamchuruzika, akanifungua pingu, na kwa kukosa la kufanya akamkamata mpepeta choroko aliyekuwa amechungulia aone kinachochekesha. Ungo ukamponyoka. Mvua yote ikamwagika jukwaani.

Mwalimu akatoka na karatasi yake, sauti inatetemeka, akawaomba watazamaji wasimtaje muuaji huko nje.

"Tumtaje yupi?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.