Nchi mbili za maporomoko ya maji

Wakongomani wanaoishi Norwei wakikutana, iwe harusini au matangani, ubishi mmoja haukosekani. Mzee mmoja atasema huku ni jela yenye hita: jirani hakujui, majira ya baridi jua halionekani, ukimkaripia mwanao barabarani unaweza kuitwa na ofisi ya ustawi wa watoto ujieleze. Atajibiwa, mara nyingi na mama aliyefika na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, kwamba jela hiyo ina maji ya bomba, na usiku hakuna anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Wote wawili ni watu wa Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sombe, yaani kisamvu, iliyo mezani ni moja.

Niseme mapema kwamba naegemea kwa mama. Lakini maneno ya mzee si ya kupuuzwa, na ubishi wenyewe una sura ya tatu ambayo karamu huisha haijaguswa.

Takwimu hazihitaji muda mwingi. Mtoto anayezaliwa Norwei anatarajiwa kuishi miaka 83 hivi. Anayezaliwa Kongo, karibu miaka 60. Katika kila vizazi hai 100,000, Norwei hupoteza mama wawili au watatu, pengine hata pungufu. Kongo hupoteza zaidi ya 400. Nguzo za umeme zimefika kila kona ya Norwei, ilhali Kongo ni takriban mtu mmoja kati ya watano tu mwenye umeme. Mwenye kutaka kubishana na hesabu hizi abishane, ila atabishana peke yake.

Tofauti ambayo hesabu haiioneshi vizuri ni ya kesho. Tazama Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba waasi hao wanasaidiwa na Rwanda, Rwanda nayo inakana. Siku chache maji na umeme vilikatika, watu wakateka maji ya Ziwa Kivu wakijua kipindupindu kinawasubiri. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafunga milango, na mwalimu mwenye akiba yake akabaki maskini wa fedha taslimu, anavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kuzifuata au anategemea pesa za simu kwa makato ya wakala. Mtu huyu hakupoteza kazi wala hakuwa mvivu. Alilala ana akaunti, akaamka ana namba tu.

Norwei, kero kubwa ya wagonjwa ni kusubiri. Unapata barua: daktari bingwa atakuona baada ya miezi kadhaa, tarehe fulani, saa fulani. Watu wanalalamika, nao wana haki. Lakini mtu wa Goma akiisoma barua ile ataona kitu ambacho Mnorwei hakioni: kwamba kuna mtu anayeamini hospitali itakuwepo tarehe hiyo, daktari atakuwepo, barabara itapitika, na mgonjwa mwenyewe hatakuwa amekimbia. Kuchoshwa na foleni ni anasa. Sisemi kwa kejeli; mali ya nchi tajiri, kwa sehemu kubwa, ndiyo hiyo.

Turudi kwa mzee. Lawama yake kuhusu watoto si porojo za wahamiaji. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwenye Baraza lake Kuu, iliihukumu Norwei mwaka 2019 kwa kuvunja haki ya maisha ya familia katika kesi ya mama aliyenyang'anywa mwanawe, na hukumu nyingine za namna hiyo zimefuata. Kwa hiyo dola inayokubeba inaweza pia kukubana. Mzazi aliyelelewa Masisi, huko Kivu Kaskazini, ambako mtoto ni wa kijiji kizima na shangazi ana haki ya kumfinya sikio, anajikuta chini ya sheria inayokataza hata kofi dogo, mbele ya afisa asiyejua neno moja la lugha yake. Sheria yenyewe naiunga mkono. Lakini mzee haogopi sheria, anaogopa kutoeleweka.

Na upweke je? Hapo mzee ana hoja nzito zaidi kuliko anavyojua. Kivu, sehemu kubwa ya waliokimbia vita hawaishi chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki ya kambini. Wanaishi kwa ndugu, kwa marafiki, hata kwa watu wasiojuana nao. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuihama sehemu kubwa ya Goma, wengi walipokewa Sake, Bukavu na Gisenyi kabla shirika lolote halijafika. Ukiongeza likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu wa akina mama sokoni, na mchango wa msiba unaopita nyumba kwa nyumba, utaona hiyo ndiyo bima ya afya, bima ya nyumba na pensheni vikiwa pamoja. Norwei kazi hiyo hufanywa na ofisi, na jirani kwa kuwa hahitajiki, hazoeleki. Mtu anaweza kukaa ghorofa moja na mwenzake miaka mitano, salamu zao ni za kwenye lifti.

Ila naomba tusiigeuze bima hiyo kuwa wimbo. Inachakaa. Nyumba ya watu sita inapopokea wanane, sufuria haiongezeki. Baada ya miezi mitatu mwenye nyumba naye anapika mara moja kwa siku, na mkono uliotoa unaanza kuomba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kivu ya leo mwenyeji mwenyewe shamba lake hawezi kulifikia, hilo jembe atampa akalime wapi? Anayesema "heri umaskini wenye watu" mara nyingi analisema neno hilo akiwa mbali na mizinga.

Sasa hiyo sura ya tatu: kwa nini nchi hizi ziko zilipo. Hapa wabishi wawili huungana ghafla, wakasema Wazungu wamezaliwa na nidhamu na sisi tumezaliwa na laana. Hilo silikubali hata kidogo, na sababu yangu ni maji.

Norwei na Kongo zote ni nchi za maporomoko. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Norwei unatokana na nguvu ya maji. Kongo ina Inga, maporomoko ya Mto Kongo ambayo peke yake yanaweza kuzalisha zaidi ya megawati 40,000. Mabwawa mawili yaliyopo, la mwaka 1972 na la mwaka 1982, kwa pamoja yalijengwa kwa uwezo usiofika megawati 1,800. Mwaka 1906 Norwei ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitenge na Sweden. Ilikuwa nchi maskini kwa kipimo cha Ulaya. Katika miaka mia hivi, kuanzia 1825, Wanorwei wapatao 800,000 walipanda meli kwenda Marekani kutafuta riziki. Wageni wenye fedha walikuwa wanayanunua maporomoko moja baada ya jingine. Bunge likashtuka, likapitisha sheria ya haraka ya kuwazuia wasinunue bila kibali. Sheria zilizofuata ziliweka kanuni kwamba mwekezaji binafsi atatumia maporomoko kwa miongo kadhaa, kisha ayarudishe kwa dola bure, pamoja na mitambo yake.

Mwaka huohuo wa 1906, Kongo ikiwa bado mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa kuchimba shaba ya Katanga. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa, wala hakukuwa na bunge la Wakongomani la kushtuka. Mwaka mmoja, nchi mbili, rasilimali zinazotamaniwa na wageni. Moja ilikuwa na mlango wa kufunga, nyingine mlango wake ulishang'olewa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, wahitimu wa chuo kikuu katika Kongo nzima hawakutosha kujaza basi, wakati Norwei ilikuwa na chuo kikuu tangu 1811.

Mafuta yalipogunduliwa katika eneo la Norwei la Bahari ya Kaskazini mwaka 1969, kanuni ile ya maporomoko ikahamia baharini. Na mmoja wa walioisaidia kupanga mambo alikuwa Mwiraki, Farouk al-Kasim, mjiolojia aliyehamia Norwei mwaka 1968 na mkewe Mnorwei kwa ajili ya matibabu ya mtoto wao. Mhamiaji, kutoka nchi ya mafuta ambayo baadaye vita viliitafuna. Nidhamu ya kuzaliwa nayo iko wapi hapo? Ilikuwa kazi ya ofisini, ya kuandika masharti na kuyasimamia. Leo kampuni za mafuta zinalipa kodi ya asilimia 78 ya faida, na mfuko wa taifa wa fedha za mafuta, ulioanzishwa mwaka 1990, umepita dola trilioni 1.5 kwa watu wasiofika milioni sita.

Mfuko huo unamiliki karibu asilimia 1.5 ya hisa zote zinazouzwa kwenye masoko ya dunia, zikiwemo za watengenezaji wa simu na magari ya umeme. Betri zao zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Kwa hiyo uzeeni, yule mzee wa jela yenye hita atapokea pensheni kutoka kwenye hazina inayonufaika kidogo na udongo alioukimbia. Ajabu hiyo sijui aicheke au ailie.

Lakini nisimpe Leopold mzigo wote. Rais Mobutu alitawala miaka 32, akataifisha biashara za wageni mwaka 1973 na kuzigawa kwa maswahiba, na Gécamines, kampuni ya shaba iliyopaswa kuwa mfuko wa Wakongomani, ikanyonywa hadi mifupa. Mlango uliporudishwa, waliopewa funguo walifungulia jamaa zao. Majirani nao waliingia kwa silaha mwaka 1996 na tena mwaka 1998. Anayetaka kisababu kimoja cha vita vya Kongo hatakipata. Vimefumwa kama mkeka.

Na wale wanaodhani vita ni tabia ya Waafrika wangetembelea Finnmark, ncha ya kaskazini kabisa ya Norwei. Mwishoni mwa mwaka 1944 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma mbele ya Warusi, liliamriwa lisiache kitu. Nyumba zaidi ya 10,000 zilichomwa, na hospitali, shule na makanisa vivyo hivyo. Watu kama 50,000 walihamishwa kwa nguvu. Wengine walijificha mapangoni na chini ya mashua zilizopinduliwa. Katika mahandaki ya mgodi wa Bjørnevatn, karibu na mji wa Kirkenes, maelfu ya watu walijibanza wakingoja mabomu yapite, na watoto 10 walizaliwa humo. Kivu ya leo ingewaelewa wale mama bila mkalimani.

Vita vilipoisha, serikali iliwakataza watu wa Finnmark kurudi kabla eneo halijaandaliwa. Wakarudi hata hivyo, kwa maelfu, wakaishi vibandani. Serikali ikawafuata nyuma na mbao, misumari, mikopo na ramani za nyumba. Nyumba hizo za sura moja zimesimama hadi leo. Msaada wa Marekani wa baada ya vita ulichangia, lakini kulikuwa na ofisi ya kuupokea.

Februari 2025, M23 ilipoamuru kambi za pembezoni mwa Goma zivunjwe, watu wa Sake na Masisi nao walirudi, kwa miguu, wengine na mizigo juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Wengi walikuta majivu. Nyuma yao haikuja serikali yenye mbao. Walikuja na shitingi ileile ya kambini, wameikunja wenyewe.