Kofi la Sita

Mimi mazungumzo ya muziki hayanipiti. Ukitaja mwanamuziki, nina la kusema. Ukitaja mchoro, nina la kuongeza. Na nikikosa la kusema, nakunja uso kama mtu aliyewahi kuumizwa na sanaa. Huko kukunja uso kumenibeba miaka mingi.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kusikiliza okestra. Yeye si muongeaji, nami ukimya wake nikauhesabu kuwa ni ushamba. Njiani nikampa darasa: "Shem, simfonia ina sehemu kadhaa. Ikiisha sehemu moja, watu wananyamaza, wanangoja inayofuata. Ukipiga makofi pale katikati, ukumbi mzima utajua wewe ni mgeni."

"Sawa, shem."

Ilikuwa Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Kirusi, ile aliyoiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza mwaka 1893, akafariki siku tisa baadaye. Hayo niliyasoma kwenye karatasi ya ratiba, nikamnong'onezea kana kwamba nilikuwepo msibani. Laiti ningesoma na mstari wa chini.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Kimya. Nikamtupia jicho shemeji: unaona? Ya pili, yenye mapigo matano matano, inayochechemea kwa madaha, nayo ikaisha. Kimya.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Inaanza kwa mbali, fidla zinakimbizana kama siafu waliovurugwa, halafu inageuka mwendo wa gwaride, inapanda, inapanda, tarumbeta zinaingia, matoazi yanagongana, ngoma inabamizwa mpaka kiti kinatetemeka. Kisha inakata, pa! Kama kuna muziki uliowahi kusema "tumemaliza, kwaherini", ni huo.

Nikajikuta nimesimama. Na si kusimama tu: napiga makofi, napaza "Safiii!", karatasi ya ratiba imeniruka mapajani na kutua begani kwa mama wa mstari wa mbele. Makofi manne, matano. Kofi la sita nililisikia vizuri kuliko yote, maana lilikuwa peke yake. Kondakta hakugeuka. Mgongo ulimkakamaa tu, mikono hewani, kama mtu anayesubiri nzi aondoke.

Shemeji akanivuta shati. "Shem, bado moja."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwisho wa sehemu hiyo umewaponza wengi duniani. Siku hiyo hao wengi hawakuja.

Sehemu ya nne ni kilio kitupu. Inakwenda polepole, inazidi kushuka, mpaka zinabaki chelo na besi zikikata roho taratibu. Halafu hakuna kitu. Nikajiambia, safari hii hamnipati. Nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Watu wakaanza kupiga makofi. Nikawatazama kwa huruma. Wakasimama, na shemeji naye akainuka. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikamkalisha.

"Shem, utatuaibisha! Bado!"

Jukwaani wanamuziki walikuwa wanainama kushukuru. Mama wa mstari wa mbele akageuka, akaninyooshea karatasi yangu, kaikunja vizuri. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya mstari wa chini: sehemu nne.