Mashoga kwenye gazeti la asubuhi

Sisi tuliokulia kwenye magazeti ya hadithi hatuna neno linalotuudhi kama "Itaendelea". Linakukuta pale pale mlango unapobishwa hodi, na nani anayebisha hutamjua mpaka toleo lijalo. Mwaka 1976 mwandishi wa Marekani, Armistead Maupin, alilitumia neno hilo hilo kuwaingiza mashoga kwenye meza ya chai ya jiji zima la San Francisco. (Nasema shoga kwa maana ya mjini ya siku hizi, si ile ya mama zetu wa Pwani wanaoitana shoga kwa urafiki.)

Hadithi yake ya mfululizo, Tales of the City, ilianza kutoka katika gazeti la San Francisco Chronicle tarehe 24 Mei 1976, siku tano kwa wiki, kipande cha maneno 800 hivi. Kabla ya hapo Maupin alikuwa akiandikia gazeti la wiki, Pacific Sun, akaenda kutafuta habari za watu wanaovizia wachumba kwenye supamaketi moja ya mtaa wa Marina. Hakuna aliyekubali kwamba hilo ndilo lililompeleka. Akaona heri atunge. Ndipo akazaliwa Mary Ann Singleton, binti wa Cleveland aliyekuja kutembea akagoma kurudi kwao. Anapanga nyumba namba 28 Barbary Lane kwa mama mmoja, Anna Madrigal, ambaye humkaribisha mpangaji mpya kwa kumbandikia msokoto wa bangi mlangoni. Humo humo anahamia Michael Tolliver, kijana wa Florida, shoga, mcheshi, asiye na bahati ya mapenzi.

Je, mtindo huu wa tamthilia, wa siri na sadfa za kila siku, uliwajenga watu hao au uliwageuza vibonzo?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Anayenunua riwaya ya mashoga dukani ameshaamua kuisoma. Anayenunua gazeti anatafuta matokeo ya besiboli na hali ya hewa, na Michael anamkuta humo. Mlango ni Mary Ann, msichana wa kawaida mwenye haya zake. Unamfuata yeye, na ukija kugutuka umeshamzoea jirani yake, unataka kujua kama yule daktari aliyempenda, Jon, atampigia simu. Hakuna hotuba ingefanya kazi hiyo.

Angalia barua ya 1977. Mwaka huo mwimbaji Anita Bryant aliongoza huko Florida kampeni ya kufuta sheria iliyowalinda mashoga, akidai wanawaandikisha watoto wa watu katika ushoga. Maupin akawafanya wazazi wa Michael, wakulima wa machungwa, waiunge mkono na kumwandikia mtoto wao kwa furaha, bila kujua. Michael anajibu: Mama, hakuna aliyeniandikisha, laiti angekuwapo mtu mzima mmoja wa kuniambia mapema kwamba sina kasoro. Wazazi wa Maupin mwenyewe, huko North Carolina, walikuwa wakiletewa gazeti hilo. Kwa hiyo barua ilifika nyumba mbili, moja ya kutungwa na moja ya kweli. Riwaya iliyokaa miaka mitatu kwa mchapishaji isingeweza kujibu kampeni ikiwa bado moto.

Sasa upande wa pili, na si mdogo. Gazeti lina mwenyewe. Maupin amesimulia kwamba ofisini paliwekwa chati yenye safu mbili, ya mashoga na ya wasio mashoga, ili wa kwanza wasizidi theluthi moja ya wahusika. Alilipiza kwa kumwandika mbwa anayeukumbatia kwa ashiki mguu wa mwanamke mmoja tajiri, kisha akadai mbwa huyo ahesabiwe kwenye safu ya wasio mashoga. Tunacheka, lakini chati ilikuwapo. Mwaka 1978 Andrew Holleran alitoa Dancer from the Dance, riwaya ya mashoga wa New York, bila mhariri wa gazeti kumhesabia vichwa. Humo hakuna Mary Ann wa kumshika mgeni mkono, na ina kina ambacho Maupin hakifikii. Ila ilisomwa zaidi na walioitafuta.

Halafu kuna njaa ya mtindo wenyewe. Vipande vitano kwa wiki vinataka kishindo, na kishindo kinakula chochote. Kilikula kundi la wala watu ndani ya kanisa kuu la Grace. Sawa, huo ni utani. Lakini kilikula pia Jonestown, makazi ya dhehebu la mchungaji Jim Jones huko Guyana, ambako watu zaidi ya 900, wengi wao waliotoka California, walikufa Novemba 1978. Miaka michache tu baadaye Jim Jones anafufuliwa hadithini ili kutia hofu. Na D'orothea, mwanamitindo mweusi, anakuja kugundulika kuwa mzungu aliyejitia weusi ili apate kazi. Kati ya wapangaji na jamaa zao wote, kiti pekee cha mtu mweusi kilikuwa mzaha wa kumshtua msomaji. Hilo siwezi kulitetea kwa kisingizio cha haraka ya gazeti.

Hata hivyo, UKIMWI ulipoingia, kasoro hiyo hiyo ikawa nguvu. Mfululizo wa nne, Babycakes, unaanza na ziara ya Malkia Elizabeth mjini humo mwaka 1983, shamrashamra tupu. Katikati ya hayo msomaji anatambua kwamba Jon hayupo tena. Hakuna kitanda cha hospitali wala neno la mwisho: amekufa katika kipindi ambacho hadithi haikuwa gazetini. Mtu anaweza kusema mwandishi alikwepa. Mimi naona ndivyo msiba ulivyowafikia wengi mjini humo: unaagana na mtu akiwa mzima, unarudi unakuta pengo. Msomaji aliyemngojea Jon apige simu miaka saba nyuma hakuhitaji kuonyeshwa jeneza.

Kitabu cha sita, Sure of You, cha 1989, hakikupitia gazetini kwanza. Kimetulia, hakina kundi la wala watu, na Mary Ann anamwacha mumewe na mtoto kwenda kusaka umaarufu New York. Kwa ufundi nakiweka juu ya vyote vitano vilivyotangulia. Humo Michael anaishi na virusi, na kengele ndogo inamlilia mfukoni kila saa ya kumeza AZT, dawa ya UKIMWI ya siku hizo, ikifika. Wasomaji walifunga kitabu wakimhesabu miongoni mwa marehemu. Miaka 18 ikapita. Mwaka 2007 Maupin akarudi na kingine, na jalada lake likawajibu kabla hawajafungua ukurasa: Michael Tolliver Lives.