Acha injini ya dizeli ifikie mizunguko yake

Hoja hii haiishi miongoni mwa wenye boti: funga propela yenye pichi kubwa, injini izunguke taratibu, kelele ipungue, mafuta yadumu. Mimi siiafiki, maana inaziua injini ambazo zingeishi miaka mingi.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yasingeteleza. Propela iliyogongwa 18 x 14 ina kipenyo cha inchi 18 na pichi ya inchi 14. Kadiri pichi inavyokua, ndivyo kila mzunguko unavyokuwa mzito kwa injini.

Na dizeli haijui kukataa mzigo. Gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ikiona mizunguko iko chini ya ile uliyoitaka, inaongeza mafuta. Isipopanda, inaongeza tena, hadi pampu ifike kikomo. Hewa ndani ya silinda haitoshi kuyaunguza yote, ndipo moshi mweusi unapotoka na masizi kuganda nyuma ya boti. Vali, pistoni na tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) zinachomeka huku geji ya joto la maji ikisoma kawaida kabisa. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Kipimo chake ni rahisi. Ingia majini na mzigo wako wa kawaida, matangi yakiwa yamejaa na chini ya boti pakiwa safi. Injini ikishapata moto, sukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, usubiri mshale wa takometa, yaani geji ya mizunguko, utulie. Kama kibati cha injini kinasema mizunguko 2,600 kwa dakika, nataka nione 2,600, au 2,650 hivi. Ukigota kwenye 2,350, propela ni nzito. Ila hakiki takometa kwanza, ikiwezekana kwa ile ya mwanga inayoelekezwa kwenye puli, kwa sababu za dashibodi hupotoka sana.

Nakubali kwamba kwenye mwendo wa kati propela nzito inaweza kuokoa mafuta kidogo. Lakini propela iliyolingana na injini, ukiirudisha hadi asilimia 80 ya mizunguko, inadai takriban nusu tu ya nguvu. Utulivu unaoutafuta unaupata kwa kurudisha mkono nyuma, na siku ya upepo wa mbele bado una akiba.

Propela nyepesi mno nayo ina hasara yake: injini inafika kwenye kikomo cha gavana mapema na mwendo unapotea. Kati ya makosa hayo mawili, ningechagua hili.

Kupunguza pichi inchi moja mara nyingi kunarudisha mizunguko 100 hadi 200. Fundi wa propela anaweza kuyakunja upya mapanga kwa inchi moja au mbili. Zaidi ya hapo, nunua nyingine. Na kila unapoongeza betri, jenereta au tangi jingine, rudia kipimo, kwa sababu boti imekuwa nzito na propela ni ileile.